Alikwenda Mwenyewe

Kwetu Nyamira mvua ina saa zake. Asubuhi jua hung'aa juu ya majani ya chai mpaka ukadhani siku nzima itakuwa njema. Kufikia saa saba mawingu huanza kupanda kutoka upande wa ziwa, meupe kwanza, kisha ya kijivu, na saa tisa ikigonga ngurumo imekwisha kutua juu ya mwinuko wa Manga. Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kwamba hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria hukutana na pepo za mashariki juu ya vilima vyetu na kusukumwa juu kwa nguvu. Ndiyo maana nyanda za juu za Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi. Watoto wetu hujifunza kuhesabu kwa radi. Umeme ukimulika wanaanza: moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo ije. Idadi ikiwa ndogo, ingia ndani.

Ndugu yangu mdogo aliuawa na radi Jumatatu moja ya mwezi wa Aprili, miaka minane iliyopita, saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa na miaka 24.

Asubuhi ile alinipigia simu Nairobi. Alitaka kwenda Kisii mjini kuonana na mtu aliyemwahidi kazi. Nikamwambia asubiri kesho. Mama alikuwa na homa, majani yalikuwa yamekomaa, na mchumaji tuliyemzoea alikuwa amekwenda kwao. "Sawa, dada," akasema. "Nitakwenda kesho." Akachuma kilo zake, akazipeleka kituoni zikapimwa, akarudi nyumbani kabla ya mvua. Alikuwa ameketi jikoni na mama, karibu na moto, viatu amevivua, waliposikia ndama analia bondeni.

Alikuwa ndama wa jirani, mama mzee mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya ua wetu. Alikuwa amemfunga chini ya mkaratusi karibu na kijito, na miguu yake haikuweza tena kuteremka bonde lile wakati wa mvua. Mama alimwambia mwanawe, "Mwache, mvua itapita." Ndugu yangu akachukua gunia, akajifunika kichwa, akatoka bila viatu. Alimfungua ndama. Ndama akapanda mbio kuelekea nyumbani, kamba ikiburuta matopeni, na ndugu yangu akamfuata nyuma. Alikuwa hajafika mbali radi ilipopiga ule mkaratusi.

Nilifika nyumbani usiku. Waombolezaji walikuwa wameanza kuja, akina mama wa Dorkasi wa kanisa letu wamekwisha kuwasha moto, na kila aliyenishika mkono aliniambia maneno yaleyale. Kazi ya Mungu haina makosa. Siku yake ilikuwa imefika. Mungu alimpenda zaidi. Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada ya jioni alisoma Zaburi ya 139, mahali panaposema habari za siku za mwanadamu zilizoandikwa tangu bado hazijawako. Akatueleza kwamba Jumatatu ile ilikuwa kitabuni kabla ndugu yangu hajazaliwa, pamoja na saa yake na mti wake.

Nitasema ukweli: maneno yale yalinifaa. Kwa siku mbili niliyashikilia kama mtu aliyeshika mzizi ukingoni mwa mto Gucha. Kama siku ilikuwa imeandikwa, basi simu yangu haikuwa kitu. Ningalimwambia aende Kisii, radi ingalimfuata hukohuko. Kilichoandikwa kilinitoa mimi katika habari ile, na wakati huo sikutaka kitu kingine duniani.

Usiku wa tatu, kwenye kesha, nikasikia maelezo mengine. Hayakusemwa kwenye kipaza sauti. Yalisemwa kando, kule vijana walikoketi kwenye magogo, na yalianza kama swali: mbona ndama wa yule mama mzee amepona? Mbona yeye mwenyewe hakwenda? Anaishi peke yake, watoto wake wamekufa wote, kwa nini yeye hafi? Mtu mmoja akasema radi hutumwa. Hakuna aliyembishia.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini damu yangu ilisimama. Mei 2008, Kisii, zaidi ya watu 10 waliitwa wachawi, wakauawa, na nyumba zao zikachomwa. Oktoba 2021, miaka kadhaa baada ya matanga yetu, umati uliwaua wanawake wanne wazee kule Marani kwa tuhuma hiyohiyo. Mambo haya huanza kwa mtu anayelia na kuuliza kwa nini, na kwa jirani mwenye jibu la haraka.

Ndipo nikaona jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku ile. Majibu yale mawili, la mzee wa kanisa na la vijana wa kwenye magogo, yalikuwa ndugu. Moja lilisema radi ilitumwa na Mungu, la pili likasema ilitumwa na mwanamke mzee. Yote mawili yalikuwa na mtumaji. Na katika yote mawili ndugu yangu alikuwa kama jani tu, anapelekwa.

Sisi Wasabato, nijuavyo mimi, hatukufundishwa hivyo. Wakatoliki walianza misheni yao Nyabururu mwaka 1911, na watu wetu wakaanza Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, mwaka 1912. Tangu babu zetu walipobatizwa pale tumefundishwa Pambano Kuu, kwamba Mungu aliwaumba viumbe wenye hiari, kwamba hiari hiyo ilitumiwa kumwasi, na kwamba hata baada ya uasi hakuiondoa. Somo hilo mtoto wa Shule ya Sabato analijua kabla hajajua kugawanya. Lakini kifo kikiingia bomani tunaliacha kanisani, tunazungumza kama watu waliofungwa kamba. Waislamu wa Pwani wana neno lao, kadari, na wanazuoni wao wamelijadili kwa karne nyingi. Sisi hatukulijadili. Tunaliandika tu kwenye jalada la programu ya mazishi, chini ya picha.

Na hata kabla ya misheni, wazee wetu hawakuwa watu wa kukunja mikono. Walimjua Engoro, Muumba, kabla hatujaanza kusema Nyasae kama majirani zetu Wajaluo. Na walikuwa na mtabiri, Sakawa. Inasimuliwa kwamba aliwapeleka watu Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii leo, akawaonyesha kwa mkono: hapa patakuwa na nyumba ya wagonjwa, hapa watakaa askari. Alisema watakuja wageni na kuwanyang'anya vijana silaha zao. Akatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1907 Waingereza wakajenga kituo chao palepale.

Ikiwa kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "imeandikwa," ni wale. Mtabiri alikuwa amesema, na macho yao yalikuwa yameona. Lakini Januari 1908 kijana wa Kikisii, Otenyo Nyamaterere, alimvizia Geoffry Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni, akamchoma mkuki. Aliyemhimiza ni Moraa wa Ng'iti, mwanamke wa Kitutu aliyekuwa yeye mwenyewe mganga na mwonaji. Bila shaka Moraa alikuwa amesikia utabiri wa Sakawa, na bado aliwauliza vijana kama wao ni wanaume. Waingereza wakalipiza kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuswaga maelfu ya ng'ombe. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Sijui kama Moraa alifanya vyema, kwa maana waliolipa walikuwa wengi. Ninachojua ni kwamba hakuna Mkisii anayesema Sakawa ndiye aliyeushika ule mkuki. Tunasema ni Otenyo. Hata wimbo wa watoto ungekosea hapo, mtu mzima angeusahihisha.

Basi mbona kwa Sakawa tunaelewa na kwa Mungu hatuelewi?

Miaka iliyofuata nilisoma, kwa sababu sikuweza kulala. Nilimsoma Augustino, naye ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa kijana rafiki yake wa karibu alikufa, na huzuni ikamfanya auchukie mji wake mwenyewe mpaka akahamia Karthago. Mtu huyo nilimwamini kwanza kwa machozi yake, kisha kwa hoja zake. Katika kitabu chake juu ya hiari anasema kwamba kumbukumbu hailazimishi yaliyopita yatokee, na vivyo hivyo ujuzi wa Mungu haulazimishi yajayo. Nakumbuka mama alikuwa na homa siku ile. Kukumbuka kwangu hakukumpa homa. Uzeeni Augustino alisisitiza zaidi kwamba Mungu huwachagua wake tangu awali, na huko sikumfuata.

Nilimsoma pia Boethius, aliyeandika akiwa gerezani akingoja kuuawa, karibu na mwaka 524. Yeye anasema Mungu haoni mbele kama sisi tunavyokodoa macho kuitazama kesho. Kwake yote ni sasa. Baadaye Thomas wa Akwino akatumia mfano wa mtu aliye juu ya mlima akiiona barabara nzima kwa mara moja, wakati wasafiri wanaona yule tu aliye mbele yao. Mfano huo Mnyamira hahitaji kuelezwa. Ukisimama kwenye ukingo wa Manga unaziona barabara za chini, unaona bodaboda mbili zinakaribia kona moja kutoka pande mbili, na wenyewe hawajaonana. Unajua watakutana. Hukuwasukuma.

Nililipenda jibu hilo kwa muda. Kisha siku moja nilipanda Manga mwenyewe, nikasimama pale, na nikaona upungufu wake. Mtu aliye juu anaweza kupiga kelele. Huenda wasimsikie, lakini anaweza. Mungu aliyeiona radi ya saa tisa na nusu tangu milele angeweza kuchelewesha wingu kwa dakika moja. Kwamba kujua si kusukuma, hilo nimelikubali kabisa. Kwa nini anayejua asizuie, hilo sina jibu lake, na sitamvumilia mtu anayenipa jibu hilo haraka kando ya kaburi. Yesu mwenyewe, alipoletewa habari za watu waliouawa, alitaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Hakueleza mnara uliangukaje, wala nani aliupanga.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1980 Richard Rice, mwanateolojia wa kanisa letu huko Marekani, alichapisha kitabu akisema kwamba maamuzi ya hiari ambayo bado hayajafanywa si kitu cha kujulikana, kwa hiyo hata Mungu anayangoja. Wakuu wengi hawakukipenda. Mimi nilikipima kwa siku nyingi, kwa sababu kingemwondolea Mungu lawama. Mwisho nikakiweka chini. Sikuweza kumtaka Mungu aliyepata habari za ndugu yangu baadaye, kama mimi, kwa simu ya saa kumi na moja jioni.

Lakini kilichonisaidia zaidi kilikuwa kisa kifupi katika Samweli wa Kwanza, sura ya 23. Daudi yuko katika mji wa Keila, mfalme Sauli akimwinda. Anamuuliza Bwana: Sauli atakuja? Atakuja. Watu wa mji watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi akaondoka, na kwa sababu aliondoka, Sauli hakuja na hakuna aliyemtia mtu mkononi mwake. Kwa hiyo Mungu alijua jambo ambalo halikutokea. Alijua kile ambacho kingalitokea. Mwaka 1588 Luis de Molina, Mjesuiti wa Uhispania, alichapisha kitabu kizima juu ya ujuzi wa namna hiyo, na kisa cha Keila ni mojawapo ya nguzo za hoja hiyo.

Kiswahili kina kiambishi cha mambo hayo: -ngali-. Ningalimwambia aende. Angalikwenda. Angalikuwa hai. Kwa miaka mitatu niliishi ndani ya kiambishi hicho. Niliamka nacho, nikafundisha darasani nacho, nikala nacho. Niliposoma habari za Keila ndipo nilipogundua kosa langu. Ile "angalikuwa hai" niliisema kana kwamba naijua. Ningejuaje? Siku ile ile huenda matatu ya Kisii ingalipinduka Keroka. Huenda angalifika salama, akapata kazi, akaoa. Kati ya hayo mawili lipi? Anayejua ni Mungu peke yake. Nilikuwa nimejihukumu kwa ujuzi nisiokuwa nao. Yule mzee wa kanisa alikuwa ameifuta simu yangu kabisa, nami nikaja kuifanya kuwa kila kitu, kumbe sote wawili tulikuwa tumemsahau kijana aliyejibu simu. Nilimwomba abaki. Alikuwa na miaka 24, si mtoto wa kufungiwa ndani. Alifikiri juu ya mama na majani na kazi ya mjini, akaamua. "Sawa, dada" lilikuwa neno lake.

Hata hivyo sikudai kwamba sikufanya kitu. Hapo mwalimu wangu ni Petro. Aliambiwa mapema, kwa idadi kamili, kwamba atamkana Bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Jogoo alipowika Petro hakusema, "Si ulikwisha kusema mwenyewe?" Alitoka nje akalia. Alijua kwamba kutabiriwa hakukumfungua kinywa chake kwa nguvu. Mimi sikumkana mtu, nilimwomba tu ndugu yangu amtunze mama yetu kwa siku moja. Lakini neno langu lilikuwemo katika siku ile, na nimelikubali kuwa langu, kwa kipimo chake.

Sasa nirudi kwenye mazishi, kwa sababu yote niliyoyasoma baadaye yalikwisha kusemwa pale.

Asubuhi ya maziko, kabla mchungaji hajasimama, mama alitaka kipaza sauti. Sisi Wakisii mama tunamwita baba, na baba tunamwita tata, na mara nyingi wageni hucheka wakisikia. Asubuhi ile nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu akisema kwa upole, "Baba anataka kusema," na uwanja wote ukanyamaza, mpaka wale wa kwenye magogo.

Mama alisema hivi, kwa Ekegusii, nami nayaweka maneno yake kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Alisema: "Mwanangu hakutumwa na mtu. Nasikia mnanong'ona juu ya mama huyu. Hakumtuma. Alikuwa nyumbani kwake, hata hakujua. Na nyinyi wa kanisa, msiniambie kwamba Mungu ndiye aliyemtuma kule afe. Mimi nilimwambia akae, akanikatalia. Alisikia ndama analia, akamhurumia mwenye ndama. Alikwenda mwenyewe. Msimnyang'anye."

Kisha akamwita yule jirani, aliyekuwa amesimama mbali kabisa penye migomba, akamketisha kando yake kwenye benchi ya familia. Hakuna aliyenong'ona tena. Mchungaji, ambaye nadhani alikuwa na hubiri jingine, alikunja karatasi yake akahubiri kwa ufupi juu ya Msamaria.

"Msimnyang'anye." Neno hilo ndilo lililobadilisha maombolezo yangu, ingawa ilinichukua miaka kulielewa. Nilikuwa nimetaka iwe imeandikwa ili nipone mimi. Lakini kama iliandikwa kwa namna ile, kama kijana alivutwa bondeni na kitabu kilichofungwa kabla hajazaliwa, basi hakumhurumia mtu. Upendo wake wa mwisho haukuwa wake. Ningekuwa nimenunua amani yangu kwa kitu pekee alichobaki nacho. Naamini Mungu alikiona kitendo kile tangu milele, na alikiona kama kilivyokuwa: kijana anainuka penye moto, anaambiwa akae, anakataa, anakwenda. Alichokijua Mungu ni hiari ya ndugu yangu, hivyo ujuzi wake hauwezi kuwa ndio ulioifuta.

Wewe unayesoma haya, huenda juma hili utakwenda matangani. Nakuomba usiwaambie wenye msiba kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Huenda ni kweli kwa namna ambayo wewe na mimi hatujaiona bado, lakini siku hiyo kauli hiyo itamfunika marehemu. Waulize alifanya nini siku ile. Waulize alisema nini. Na ukisikia mtu kando anauliza nani alituma, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi usiku wa tatu.

Jirani yetu bado yu hai. Ndama yule alikua, na mpaka sasa amezaa mara nne. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, mama mzee huvuka ua na kumletea mama yangu chupa ya maziwa yake.